Breki ilipakwa baraka, fundi akapakwa matope

Saa mbili asubuhi, katika ua wa nyuma wa jengo moja kuukuu la mtaa wa Jeppestown, huku kusini mwa Afrika, Évariste Namegabe anaingiza mtaimbo chini ya ubao wa kreti na kuung'oa kwa nguvu zaidi kuliko inavyohitajika. Ndani imo pikipiki mpya iliyoviringishwa nailoni. Usukani umelazwa juu ya tanki, gurudumu la mbele limefungwa pembeni kwa waya.

Anaigusa nati ya gurudumu la nyuma kwa vidole viwili. Inazunguka.

"Umeona?" anauliza bila kugeuka. "Kwa vidole. Na hii wanasema iko tayari kwa barabara."

Fundi huyu wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ana hasira na wala hafichi. Sehemu ya hasira hiyo ni ya kila siku. Ni juu ya wauzaji wa pikipiki za bei nafuu kutoka ng'ambo, ambazo vijana wa kusambaza chakula wanazigombania mwaka huu wa 2018. Kuna duka huko Kensington, anasema, ambako anayeuza ndiye huyo huyo anayefunga usukani, harakaharaka, mteja akiwa amesimama na kofia mkononi. Kisha humtakia safari njema.

"Pikipiki ya bei rahisi si mbaya," anasema. "Mbaya ni mtu anayeiuza kama mkate. Mkate unanunua, unakula. Hii lazima kwanza uifungue, uiulize maswali."

Maswali yake ni mengi. Humwaga oili iliyokuja nayo, maana hiyo ni ya safari ya melini tu. Huchaji betri, hurekebisha cheni na waya wa klachi, hukaza nati moja baada ya nyingine. Kila anayoikaza huitia mstari wa rangi nyekundu ya kucha, mali ya mkewe Clémentine ambaye ni msusi, ili nati ikisogea aone. Mwisho huiendesha hadi getini na kubana breki mpaka tairi lilie. Isipolia, pikipiki haitoki.

Karibu wateja wake wote ni waumini wenzake, wa kanisa la Wakongo linalokusanyika katika ghala la zamani jirani na hapo. Sifa ya fundi mzuri hutokea humo. Ya fundi mbaya pia, na tangu mwezi uliopita fundi mbaya ni yeye. Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya hasira yake, na ndiyo inayomnyima usingizi.

Ilianza na Joël, kijana wa kanisani aliyenunua pikipiki yake ya kwanza ili aache kazi ya ulinzi. Évariste aliiandaa kwa siku nzima. Jumamosi jioni tairi lililia getini, Joël akacheka, akaondoka nayo.

Jumapili, kama desturi yao ilivyo, pikipiki iliingizwa kanisani na utepe kwenye usukani ili iombewe. Jumatatu Joël alikuwa mtaa wa Braamfontein na mzigo wake wa kwanza mgongoni. Robot, taa ya kuongoza magari, ikawaka nyekundu, akabana breki ya mbele, na pikipiki ikaendelea kwenda. Ilisimama kwenye matako ya basi.

Mkono uliteguka, taa ikavunjika. Kabla ya jua kuzama, kanisa zima lilikuwa limeshaambiwa kwamba fundi Évariste amemfungia Joël breki za kumuua.

"Hakuja kwangu kwanza," Évariste anasema, na hapo anaiweka spana chini. "Mimi ningemwambia, lete tuangalie. Yeye alipitia kwa watu. Mama mmoja tuliyekula naye Krismasi alinipita hapo barabarani kama vile mimi ni nguzo ya umeme. Hiyo iliniuma kuliko matusi."

Mteja mmoja, ambaye kreti yake ilikuwa bado haijafunguliwa, alituma watu na gari kuja kuichukua. Hawakusalimia.

Pikipiki ya Joël ilipoletwa hatimaye, Évariste aliishambulia kama mtu anayetafuta nyoka ndani ya nyumba. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa, hakuna mpira uliovuja. Akadhani labda ni mafuta ya shokapu yameteremka kwenye diski. Shokapu zilikuwa kavu. Mistari ya rangi ya kucha ilikuwa imenyooka, hakuna nati iliyosogea. Akafungua pedi za breki zenyewe, zile zinazoibana diski, akazikuta zinang'aa, zimelowa.

Akazinusa. Zilinuka jikoni.

Clémentine, aliyekuwa amemletea chai, alichukua pedi moja, akaipeleka puani, akakaa juu ya kreti tupu. "Baba," alimwambia, "haya ni mafuta ya zeituni. Jumapili kanisani, chupa niliishika mimi."

Ndipo Jumapili ile ikarudi yote. Pasta Théodore, kiongozi wa kanisa, alipaka mafuta usukani, akapaka tanki, kisha akainama na kuyamimina kwa wingi kwenye gurudumu la mbele ili kijana asipotelee njiani. Gurudumu la nyuma halikudhurika, kwa kuwa breki yake imefunikwa ndani. Ya mbele ni diski, iko nje.

Na fundi alikuwa wapi? Mstari wa pili, anaitikia amina.

"Nilikuwa nimefunga macho," anasema. "Nimefunga kabisa, kama mtu mwenye imani."

Alikwenda kwa Pasta Théodore siku hiyo hiyo, pedi zikiwa ndani ya kitambaa. Kwa maelezo yake, pasta alizitazama, akauliza, "Papa Évariste, unataka niwaambie watu kwamba mafuta ya Mungu yamemwangusha mtoto?"

"Pasta, niko nasema mafuta ya zeituni. Diski haijui nani ameyamwaga."

Pasta alimwomba awe mvumilivu. Jambo hilo, alisema, lingewatikisa walio wachanga kiimani. Joël naye, aliyefungiwa pedi mpya bila malipo, aliomba msamaha, lakini kwa sauti ya chini, humu humu uani. Mbele ya watu hakusema neno. "Papa, nikisema hivyo wataona sina imani," alijitetea.

"Kwa hiyo imani yao ibaki safi, na mimi nibaki mchafu," Évariste anasema. "Nina watoto watatu wanaokula kwa mikono hii. Kazi ikikauka, baraka zao nitazipika na nini?"

Anairudia kreti. Anautoa usukani, anaupangusa, anaupachika mahali pake. Mwandishi anamuuliza pikipiki hii ni ya nani, ikiwa wateja wamemkimbia.

Évariste anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii, na si kicheko cha furaha.

"Ya pasta," anasema. "Ya kutembelea wagonjwa. Kanisani wanajua mimi ni fundi mbaya. Lakini ya kwake mwenyewe ameileta wapi?"

Angeweza kuikataa. Clémentine alimsihi aikatae. Badala yake ataiandaa kama anavyoandaa zote, nati kwa nati, na Jumapili ataisukuma mwenyewe hadi mbele ya madhabahu. Anaingiza mkono chini ya meza ya kazi na kutoa mfuko mkubwa mweupe wa plastiki pamoja na kamba. Ameshaupima. Unafunika gurudumu lote la mbele.

"Watu watauliza huu mfuko ni wa nini," anasema. "Na atakayemimina mafuta ndiye atakayejibu, na kanisa lote linasikia. Akinyamaza, nitajibu mimi."

Anaukunja mfuko vizuri na kuuweka juu ya tanki.

"Kuomba nitaomba," anasema. "Lakini macho wazi."