Antena aliyefungua redio ya mumewe

Saa mbili asubuhi, malori yameshajipanga getini. Mwanamke mwenye hedifoni isiyo na waya anabonyeza kitufe mezani, anamwita mpakizi wa mlango wa tano, anamtuma mwingine stoo ya saruji, kisha anapuliza chai yake. Sauti yake haipandi hata kidogo.

Ghala hili lina redio za upepo arobaini, na zote huongozwa kutoka chumba hiki chenye dirisha moja, ambacho hewani huitwa Kontrol. Wenzake humwita Antena.

"Hakuna kinachonipita," anasema akicheka. Kisha kicheko kinakatika. "Ndiyo shida yangu."

Maana Antena ana wivu, na hafichi. Mumewe ni dereva wa foklifti humu humu. Mwaka jana aliletwa karani mpya wa mizani, dada mchangamfu mwenye kicheko cha kuvuka ukuta. Kila mzigo lazima upite kwake kupimwa. Mzigo na dereva wake.

"Madereva wengine wanapima, wanaondoka," anasema Antena. "Wangu anapima, anazima injini. Injini unaizimia nini?"

Mtambo wake una uwezo ambao wengi hawaujui. Akiwa mezani, anaweza kufungua kipaza sauti cha redio iliyo mbali bila mwenye nayo kugusa chochote. Redio hiyo hailii wala haiwaki taa. Uwezo huo uliwekwa kwa ajili ya dharura: dereva akizimia au akibanwa na mzigo, asikike hata kama hawezi kubonyeza.

Antena aliifungua redio ya mumewe, mzima wa afya.

Mpishi wa kantini, shoga yake, alikuwa amemwonya: ukimchunguza sana bata, hutamla. "Nikamjibu, bata ni wangu, namchunguza na namla."

Alichosikia ni kicheko. Hakukuwa na ahadi wala neno la mapenzi. Mumewe alikuwa akisimulia kisa cha mpakizi aliyepanda mizani ya mizigo kupima kilo zake, akavua viatu kwanza. Karani alicheka hadi akakosa pumzi. Mumewe akacheka naye.

"Kile kicheko nakijua. Ndicho kilichoninasa mimi. Nyumbani amekileta lini mara ya mwisho? Nyumbani ni 'chumvi iko wapi'. Niliumia, ndugu mwandishi, nikashindwa kuzima."

Hapo alifanya kosa ambalo mtu wa redio hapaswi kulifanya. Redio inayosikilizwa kwa mbali huwa inarusha sauti, na muda wote huo inaikalia chaneli. Kwenye mlango wa pili, rundo la mifuko lilikuwa limeanza kuinama. Wapakizi walibonyeza kuomba foklifti, wakapata mlio wa kuambiwa chaneli ina mtu. Wakabonyeza tena. Mifuko ikaporomoka, mmoja wao akavunjika mguu.

Msimamizi alipotafuta nani alikuwa hewani, mtambo ulimtaja Antena bila aibu. Alipewa onyo la mwisho, na kitufe kile kikafungwa. Alikwenda hospitali kumwomba radhi yule mpakizi. Mumewe hakumsemesha wiki nzima.

Siku aliposema, aliuliza jambo moja tu: "Ungeniuliza, nisingekwambia?"

"Nikamwambia haya, nihadithie hicho kichekesho. Akanihadithia chote." Antena anabetua mdomo. "Hakichekeshi hata kidogo."

Wivu umekwisha? "Uishe uende wapi?"

Sauti ya mumewe inaingia hewani: mzigo umeshuka, anaelekea mizani. "Umenipata, Kontrol?" Antena anamjibu kwa sauti ile ile anayowajibu wote, kisha anageukia dirishani.

"Umesikia? Kontrol! Miaka kumi na mbili ya ndoa, watoto watatu, mimi ni Kontrol."

Anasema hataomba kuhama, na hata wakimrudishia kile kitufe hatakigusa. Ana ombi moja, na ameshamweleza mumewe mara mbili.

"Nataka siku moja aniite mke wangu hewani, redio zote zisikie." Anafikiri kidogo. "Ile ya mizani iwe imefunguliwa sauti mpaka mwisho."