Fainali ya Kisoda na Mdogo Wake

Chuoni walimwita Kisoda, kama kifuniko cha chupa ya soda, kwa sababu ya ufupi wake, na jina lenyewe alilipenda. Alikuwa mwaka wa tatu chuo cha ualimu, akisomea kufundisha hesabu, na ndiye aliyeiongoza timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Timu hiyo ilizoea kutolewa mapema na kurudi kimyakimya. Mwaka ule wakashinda mechi ya kwanza kwa bahati na ya pili kwa jasho. Walipovuka nusu fainali, hata mpishi wa bweni, aliyekuwa akiwaita wakimbia masomo, alianza kuwafunikia chakula wakichelewa mazoezini.

Fainali ikawakutanisha na chuo cha uuguzi. Nyota wa timu ile alikuwa mdogo wake Kisoda wa tumbo moja, binti mrefu aliyelala naye kitanda kimoja utoto wao wote. Walijifunza mchezo pamoja uani, kwenye ringi ya chuma aliyoiunga baba yao, fundi wa kuchomelea. Hapohapo uani mdogo mtu aliwahi kuanguka akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Kilipona, lakini tangu siku hiyo akisukumwa upande ule, mpira humponyoka. Jambo hilo lilijulikana nyumbani tu.

Kabla ya mechi kocha alimvuta pembeni.

"Yule umekua naye. Tumkabe vipi?"

Kisoda akafunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. "Niachie mimi, mwalimu."

"Anakuzidi kichwa kizima."

"Najua. Niachie tu."

Jukwaani mama yao alipiga makofi kila mpira ulipoingia, uwe wa timu yoyote. Jirani yake akamuuliza, "Kwani wewe mama uko upande gani?"

"Wote nimewazaa mimi," akajibu. "Niache nishangilie."

Kisoda alimganda mdogo wake kama kupe. Alimziba upande wa kulia, kwenye nguvu zake, akakubali kutupiwa mipira juu ya kichwa. Mpaka robo ya mwisho timu ya Kisoda ilikuwa nyuma. Kisha mdogo mtu akaanza kuchoka, mitupo yake ikawa inagonga chuma, na wenzake Kisoda wakaidaka na kukimbia nayo. Kipenga kilipolia walikuwa wanaongoza kwa kikapu kimoja. Chuo chao kilikuwa hakijawahi kuchukua ubingwa.

Wenzake walimbeba juujuu. Alipowaponyoka, alimkuta mdogo wake nje, kwenye bomba la maji, akinawa uso.

"Hukunisukuma kushoto hata mara moja," mdogo mtu alisema bila kugeuka.

"Sikukusukuma."

"Ulinionea huruma, dada."

"Ningekuonea huruma ningekuachia upite. Mkono wako ni habari ya nyumbani. Sikuweza kuupeleka uwanjani."

Mdogo mtu akafunga bomba, akaondoka.

Kisoda alirudi chuoni na medali yake, akaimbiwa, akacheza, lakini moyo haukutulia. Akipiga simu, haipokelewi. Mama akamwambia amwache, hasira zitaisha zenyewe. Siku moja akiwa anaanika nguo, simu ikaita.

"Mlishinda," mdogo wake alisema. "Bado nimekasirika. Lakini mlishinda."

"Haya, mdogo wangu."

"Hiyo medali ni nzito, au ni bati tu?"

Kisoda akacheka, akaketi palepale kwenye ngazi, na nguo zilizobaki zikangoja ndani ya beseni.