Nilitoa akaunti ili kuondoa error ya Play Store, mtoto akapotea kwenye simu

Wakuu, salama huko mliko?

Hili jambo nimekaa nalo wiki mbili. Kila nikianza kuandika vidole vinagoma. Leo naliweka kama lilivyotokea, chumvi sijaongeza hata punje. Majina tu ndiyo nimebadili.

Mimi ni fundi simu hapa Baraka, Fizi, Kongo. Kiswahili changu msikishangae, nimesomea kambi ya wakimbizi kule Kigoma miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Nina kibanda karibu na soko: nachaji simu, nabadili vioo, naweka apps.

Na nilikuwa na majivuno, sitaki kuwadanganya. Error ya Play Store kwangu ilikuwa kazi ya kumenya ndizi.

Siku hiyo ya soko, mchana, akaja Mama Wilondja. Anaishi Swima, kijiji cha pale ziwani, na huwa analeta ndagala (dagaa kwenu) kuuza hapa Baraka. Wilondja alikuwa mwanawe wa pekee na rafiki yangu wa damu. Alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, na mwaka jana shimo likamwangukia. Maiti ililetwa Swima. Mimi ni mmoja wa waliobeba jeneza.

Hilo la jeneza likumbukeni.

Shida ya mama ilikuwa ndogo. WhatsApp imegoma, inataka update, na yeye anakosa habari za kwaya yake. Ukienda Play Store kufanya update inatoa error: hitilafu ya kupata taarifa kutoka kwenye seva.

Nikaanza utaratibu. Tarehe na saa, ziko sawa. MB zipo. Nafasi kwenye simu ipo. Nika-clear cache ya Play Store, nika-clear data, nikaondoa updates zake, nikazima simu nikawasha.

Error iko palepale, inanikodolea macho.

Nyie mnaosoma huku mko Dar na intaneti ya kasi, hapo kila hatua ilikuwa robo saa. Mama amekaa kwenye benchi, kapu liko miguuni.

Nikaenda kwenye dawa yangu ya mwisho: toa akaunti, weka akaunti nyingine. Simu ikaniuliza kama nina uhakika, maana data za akaunti hiyo zitaondoka kwenye simu. Hilo onyo nimelibonyeza mara elfu kazini, kulisoma sijawahi hata siku moja. Nikabonyeza ondoa. Nikamtengenezea akaunti mpya.

Play Store ikafunguka safi. WhatsApp ikashuka. Nikamkabidhi simu kwa maringo, kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji.

Mama hakufungua WhatsApp. Alienda moja kwa moja kwenye picha. Akatelezesha kidole juu, chini, juu tena. Kisha akaniangalia.

"Fundi, mutoto iko wapi?"

Nikamuuliza mtoto gani, mama.

"Ule mutoto wa mu simu. Ulimupeleka wapi?"

Nilidhani jua limempiga. Nikaanza kumweleza taratibu kwamba simu haina mtoto, pengine ni tangazo aliliona. Akanikatiza. 

Alisema tangu miezi michache baada ya mazishi, picha za mtoto mchanga zimekuwa zikiingia zenyewe kwenye simu yake. Hakuna aliyezituma. Hazikuja kwa WhatsApp. Anaamka asubuhi, anafungua picha, anakuta mtoto. Mwanzo amefungwa nguo. Baadaye anakaa. Baadaye ana meno mawili. Mama amemwona akikua, wiki hadi wiki, na hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu alijua watu watasema ni uchawi.

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

Picha haziingii kwenye simu kwa miujiza. Kama zinaingia zenyewe, maana yake kuna simu nyingine, mahali fulani, imefunguliwa kwa akaunti ileile, na mtu anapiga picha kwa hiyo simu. Zinapanda kwenye akaunti, zinaonekana na huku.

Nikamuuliza nani alimtengenezea ile akaunti.

"Wilondja njo aliitengenezaka," akasema. Siku alipomletea simu, aliweka email yake yeye mwenyewe, ili mama asisumbuke na kufungua nyingine.

Mnaona? Huku kwetu ndiyo mtindo. Email moja, simu za familia nzima. Na password anaijua mmoja tu, na huyo mmoja tumemzika.

Simu ya Wilondja haikurudi na maiti. Begi lake lilikuja, viatu vikaja, simu hapana. Tukasema imebaki ardhini pamoja na udongo.

 Kumbe nimemkatia yule mama kamba pekee, tena kwa kujiamini. Nikamwomba msamaha. Yeye hakugomba. Alisema tu, "Rudisha. Sitoke hapa mbele urudishe." Yaani haondoki kabla sijairudisha.

Nikachukua simu yangu, nikafungua ukurasa wa kuingia, nikaandika namba ya mama mahali pa email, nikabonyeza "nimesahau password". Sikuwa na matumaini. Nilikuwa najaribu kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mara ya tano.

Simu ya mama ikalia. SMS. Namba za siri zimeingia kwake.

Yaani Wilondja, alipofungua ile akaunti, kwenye sehemu ya namba ya kurudishia aliweka namba ya mama yake. Nilikaa nikaiangalia ile SMS mpaka mama akaniuliza kama nimekwama.

Nikaingiza code. Ikakubali. Halafu ikaniambia niweke password mpya, na pembeni kuna neno dogo: ruka. Kidole kilishaanza kuandika. Nikajizuia. Nikibadilisha password, ile simu nyingine inaweza kutupwa nje, na mwenye simu hatajua kwa nini. Nikabonyeza ruka. Hiyo ndiyo akili pekee niliyoonyesha siku nzima.

Kisha nikafungua orodha ya vifaa vya akaunti.

Kulikuwa na simu yangu, niliyoingia nayo hapohapo. Chini yake kuna simu nyingine, aina ileile aliyokuwa nayo Wilondja, jina lilelile aliloipa. Imetumika: leo.

Leo, wakuu. Bega langu linaukumbuka uzito wa lile jeneza. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Niliogopa, nasema wazi. Mchana kweupe, soko limejaa watu, na mimi fundi naogopa simu.

Nikairudisha akaunti kwenye simu ya mama, safari hii pembeni ya ile mpya. Wajuzi najua mnachosema: simu inabeba akaunti mbili bila shida, kwa nini uliondoa? Ndiyo. Mna haki ya kunicheka.

Picha zikaanza kurudi moja moja, polepole. Mama akawa anazigusa kwa kidole kila ikifika. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mwisho kushuka: mtoto wa siku chache, amefungwa ndani ya jaketi la bluu lenye doa la rangi nyeupe begani.

"Ile jaketi mi njo nilinunuaka," mama akasema. "Mi nilijua, fundi. Tangu ile siku ya kwanza nilijua. Niliogopa kuuliza, juu nilisema nikiuliza, itanyamaza."

 Na mimi ndiye niliyeinyamazisha.

Pamoja na picha, majina na namba alizohifadhi Wilondja nazo zilirudi. Nikayapitia mpaka nikaona moja limeandikwa "Mama Mutoto". Nikamuuliza mama kama nipige. Akatikisa kichwa kukubali. Nikaweka sauti ya nje.

Akapokea mwanamke. Lafudhi yake ni ya watu wa milimani, kule juu Bibokoboko kwa wafugaji. Mnaofuatilia habari za Fizi mnajua: watu wa juu na sisi wa huku ziwani, miaka hii tumezikana sana na tunaogopana. Nikaelewa papo hapo kwa nini Wilondja hakuwahi kututajia mke. Nikamtazama Mama Wilondja usoni. Yeye ana ndugu zake waliokufa katika hayo mapigano. Nikasema moyoni, atakata simu.

Nilijitambulisha, nikasema niko na mama yake Wilondja.  Nikahofu na yeye atakata.

Mama akainama juu ya simu.

"Ile homa ya mutoto iliisha? Ile siku mulimupeleka dispensaire, nilimuona macho yake iko mubaya."

 Yule mwanamke akaanza kulia, analia huku anauliza nani amemwambia mtoto aliumwa.

Yeye hakujua chochote. Alikuwa akiuza maziwa Misisi, ndiko walikokutana na Wilondja. Siku ya ajali alikuwa mjamzito. Wachimbaji wenzake Wilondja walipokuja kuchukua begi, yeye alitoa kila kitu, akabakiza simu na jaketi. Alikuwa akimpiga mtoto picha za kumbukumbu yake mwenyewe tu. Ile backup, ya kupandisha picha kwenye akaunti, aliiacha Wilondja imewashwa, na ikaendelea na kazi. Kupiga simu Swima aliogopa. "Nilisema mutanikatala," akasema, "ao mutaninyanganya mutoto."

Mama akamjibu, "Mi nimemulea tangu akiwa mudogo mu hii simu. Sasa nitakunyanganya nini, binti yangu?"

Nilitoka nje ya kibanda. Nilijifanya naangalia jenereta.

Wakuu, somo nililopata silipambi. Lile swali la "una uhakika?" lisomeni, na msilijibu nyie, muulizeni mwenye simu. Mimi nilijua error namba kwa namba, ila sikumuuliza mama anatumia simu yake kwa ajili ya nini. Nilidhani WhatsApp.

Na wiki iliyopita nikagundua kosa jingine. Ile akaunti niliifungua kwenye simu yangu nikasahau kuitoa. Jumatano asubuhi picha imeingia kwangu bila kuombwa. Mama Wilondja amekaa kwenye kiti cha plastiki, Misisi, bado ana vumbi la pikipiki kichwani mpaka miguuni. Amempakata mtoto, na mtoto amemshika sikio.

Nikaenda kwenye settings. Ikaniuliza kama nina uhakika.

Nikampigia mama kwanza, kumwambia kwamba akaunti yake iko kwangu, niitoe au? Akacheka sana, nikasikia na mtoto nyuma yake. Akasema, "Toa, fundi. Mi iko naye hapa mukononi."

Ndipo nikabonyeza.

Mafundi wenzangu na wengine wote, kuna aliyewahi kufuta kitu cha mtu bila kujua ni kitu gani? Semeni hapa chini, nisijione mjinga peke yangu.