Mayai ya Gari

Wiki hii gari moja lilichemka mbele ya kibanda changu cha chipsi hapa Kihonda. Dereva akaja na kopo, akaniomba yai moja. "Nipe ute tu, kiini kaanga mwenyewe," akasema. Nilimpa bila kumuuliza ute ni wa nini. Nimekulia katika nyumba ambayo mayai yalikuwa ya gari.

Nyumba hiyo iko juu Uluguru, jirani na misheni. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na pikapu ya rangi ya samli, nzee kuliko mama yangu. Nawe unajua kwetu Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Baba alikuja kuoa akakaa pale. Alilima, na gari la mjomba alilitengeneza yeye. Lakini kila mtu alijua, na yeye alijua, kwamba siku mjomba akimwambia toka, atatoka.

Rejeta ya gari lile ilikuwa imeoza. Ikianza kuvuja, baba alimimina ute wa mayai ndani ya maji. Maji yakipata moto ute unaiva, unakwenda kuziba tundu. Kuku wetu walitaga sana, nasi tukala ugali na maharage. Asubuhi nilisikia mama akiinama uvunguni kuokota mayai yenye joto, akiyapanga kwenye kikapu cha mjomba. Mdogo wangu alipolilia yai, bibi alimuuliza, "Kwani wewe una matairi?" Wakubwa wakacheka, baba akacheka nao.

Shida ni kwamba ute hauchagui pa kuganda. Uliziba na hita pia, ile inayopasha joto ndani ya gari kwa maji hayohayo ya rejeta. Huko juu ukungu wa asubuhi unaingia hadi kwenye mifupa, na bibi alikuwa na ugonjwa wa kifua. Siku moja mjomba alimwita baba uani, akamwambia mbele yetu sote.

"Shemeji, mama yangu anatetemeka ndani ya gari lenye hita. Ijumaa nampeleka hospitali. Miguu yake isipopata joto, utafute kwenu."

"Nikisafisha hita, ute wote utatoka," baba akasema. "Rejeta itavuja."

"Isivuje."

Baba alifungua mipira ya hita, akaunganisha mpira wa kumwagilia kabichi, ule unaoleta maji kutoka kwenye chemchemi. Vikatoka vipande vyeupe vinavyonuka, vingi kama uji ulioshikana. Kuku wakaja kuvidonoa. Baba alikaa kwenye matope akiwatazama, hakuwafukuza.

Ijumaa tuliondoka giza halijaisha vizuri. Mimi nilikaa mbele, katikati ya mjomba na bibi, nimeshika kikapu cha bibi. Baba alipanda nyuma na wanawake wanaopeleka mboga sokoni, maana mkwe habanani kiti kimoja na mama mkwe wake. Tulipokuwa tunateremka joto likaanza kuja, kwanza kwenye vidole, kisha kwenye magoti. Bibi akavua kandambili. Nilifurahi kwa ajili ya baba mpaka nikasahau kuogopa.

Barabara ile huteremka, halafu hupanda tena kilima kabla ya kushuka mjini. Pale kilimani mvuke ukatufunikia kioo. Mjomba akasimamisha gari. Maji yalikuwa yanachuruzika barabarani.

"Limekojoa," mwanamke mmoja akasema kule nyuma, na wengine wakaangua kicheko.

"Fundi wa mayai," mjomba akaita, "teremka uone kazi yako."

Baba alikwenda mtoni na ndoo. Aliporudi, akamwaga maji kidogo kwenye rejeta akachungulia. Kwa kuwa ute ulikuwa umetoka, sasa matundu yalionekana. Akavibana kwa koleo vile vibomba vyembamba vya rejeta vilivyotoboka, kimoja baada ya kingine, akaomba kipande cha sabuni ya mche kwa wale wanawake, akakandika juu yavyo. Akajaza maji. Gari likawashwa, likanguruma muda mrefu. Halikudondosha hata tone, na joto lilikuwa linatoka. Yote mawili yalikuwa yamepona, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Baba akafuta mikono kwenye majani, akaweka mguu kwenye tairi apande.

"Wapi?" mjomba akauliza.

"Napanda, shemeji. Halivuji sasa."

"Limevuja mbele za watu."

Baba akashusha mguu. Akainama kuchukua mfuko wa spana.

"Hizo ni za gari," mjomba akasema.

Baba akauweka mfuko nyuma, taratibu, asiangushe kitu. Mwanamke mmoja akasogeza tenga lake la karoti mahali alipokuwa amekaa baba. Nilimtazama bibi, kwa kuwa mjomba alikuwa anamsikiliza yeye tu. Bibi alikuwa anatazama miguu yake.

"Twende," akasema, "kabla joto halijaisha."

Tulimwacha pale. Mpaka tunafika mjini miguu yangu ilikuwa na joto zuri.

Jioni mama aliambiwa. Akasema, "Haya," akachochea moto. Baba hakukanyaga tena kule. Nilipokuwa mkubwa nilimkuta huku mjini, Mwembesongo, anaziba pancha za baiskeli. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kifua cha bibi kinaendeleaje. Bibi tulikuwa tumeshamzika. Nikamjibu hajambo.

Sasa mjomba naye hayupo, na gari lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Watu wanashuka kwa bodaboda wamejifunika makoti. Juzi nilipanda kule nikawakuta watoto wa dada yangu wanaangua maparachichi, kwenye miti aliyoipanda baba kwa mikono yake, nikimshikia miche. Nikawauliza kama wanajua miti hii kaipanda nani.

"Babu," wakaniambia. "Yule aliyekuwa na gari."