Siku Vyura Walipoimba Saluni Kwangu

Kama mnataka kucheka, chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa, na kuna mahali nikifika uso bado unaniwaka moto. Mimi Béa, miaka yote hii nywele za watu zimo mikononi mwangu, mtu akiingia saluni amejifunga kitambaa najua kabla hajakifungua chini yake kuna nini, ni mimi huyuhuyu niliyemharibia bibi harusi nywele asubuhi ya harusi yake. Na sikumharibia kwa moto wala kwa dawa. Nilimharibia kwa vyura.

Ndiyo, vyura, mmesikia vizuri. Nilikuwa na mteja wangu mmoja, Madamu tu nilikuwa namwita, mwalimu wa biolojia kwenye shule moja huku Kigali, na alipokuwa anarudi kwao akaniachia sanduku lake la vioo lenye majani, moss ile laini ya kijani inayoota kwenye mawe, na vyura wadogo kama ncha ya kidole gumba, rangi yao bluu ya wino yenye madoa meusi. Asili yao ni misitu ya Amerika Kusini, na huko porini wana sumu kwenye ngozi, lakini hawa walizaliwa ndani ya kioo na wanakula vijinzi vya matunda tu, hawana sumu hata kidogo (hilo nililirudia kwa kila mteja mpaka ulimi ukachoka, maana sisi chura akionekana ndani ya nyumba mtu anatafuta ufagio). Nikawaweka saluni, hapa Kicukiro, karibu na kioo kikubwa. Nilitaka saluni ambayo watu wataizungumzia, na kweli waliizungumzia sana, ila si hivyo nilivyotaka.

Madamu alikuwa amenieleza vizuri kabisa kabla hajaondoka. Alisema ngozi ya hawa vyura haitaki kukauka, kwa hiyo nitafute pampu ndogo yenye pua za kunyunyizia na taima ya kuiwasha na kuizima yenyewe, iwe inanyunyiza kidogo asubuhi na kidogo jioni, nitumie maji ya mvua kwa sababu ya bomba yanaacha madoa meupe kwenye kioo, nisizibe matundu ya hewa, na kile kipimo kidogo cha unyevu alichoniachia kikae ndani, chini, kwenye majani, pale vyura wanapolala. Ukikosa pampu, akasema, hata ile chupa yako ya kupulizia nywele inatosha.

Sasa mimi na kichwa changu kigumu, chupa ya kupulizia? Mimi mwenye saluni yenye viti vya ngozi nisimame mbele ya wateja nikipulizia vyura maji kwa mkono? Nikaona ni aibu (aibu yenyewe nilikuwa bado sijaijua). Hiyo pampu ndogo nayo ilikuwa lazima iagizwe nje na kusubiriwa, na mimi kusubiri siwezi. Basi nikasikia kwamba kule Kimisagara kuna mzee mmoja aliyekuwa analima uyoga ndani ya nyumba, ameacha hiyo kazi, anauza mashine yake ya ukungu. Nikajisemea, uyoga na vyura si wote wanapenda unyevu, tofauti iko wapi. Mzee wa watu akaniuliza chumba changu kina ukubwa gani, na mimi, badala ya kumwambia kwamba ni kisanduku kinachotoshana na sanduku la safari, nikamjibu tu kwamba kinatosha.

Mashine ilikuwa kubwa kama dumu la maji, na bomba lake nene kama mkono wangu (na mnaujua mkono wangu). Lakini kilichonimaliza ni kipimo chake, kidude chenye namba zinazowaka, kimefungwa kwenye waya mrefu. Unaweka unyevu unaoutaka, wangu niliuweka asilimia themanini, basi kipimo kikiona hewa ni kavu mashine inatoa ukungu, kikiona themanini imefika mashine inanyamaza yenyewe. Nikarudi Kicukiro juu ya moto, hizi pikipiki za abiria, nimeikumbatia mashine, naona nimepata mashine yenye akili. Kumbe akili yake ilikuwa inategemea mahali mtu anapokitundika kile kipimo.

Siku ya kwanza yote ilikwenda salama, kipimo kikiwa ndani na vyura. Halafu ikafika Jumamosi ya harusi.

Bibi harusi alikuwa Sandrine, na mama yake, Mama Sandrine, tulikaa naye mtaa mmoja Bujumbura kabla hatujarudi Rwanda, yeye mtu mzima na mimi binti. Huyo mama ndiye aliyenifundisha kushika chanuo la moto, haki ya Mungu, alikuwa analiweka kwenye mbabula, jiko la makaa, analijaribu kwenye kipande cha gazeti, halafu ananyoosha nywele mpaka zinalala mabegani. Sandrine alikuwa amezilea nywele zake miaka, hataki wigi, hataki za kuunganisha, alitaka kuingia kanisani na nywele zake mwenyewe zimenyooka, kama mama yake kwenye picha yake ya harusi. Na mama angemfanyia mwenyewe, kama si kwamba tangu alipougua mikono inatetemeka na chanuo la moto halishiki tena. Wakafika mapema kutoka Kacyiru, wasimamizi wa kike wote nyuma yao, gauni limefunikwa vizuri, na yule mama akanishika bega, akasema polepole, "Béa, leo nakuachia kichwa cha mtoto wangu. Ningeweza nisingekusumbua."

Nikamwambia awe na amani.

Na hapo, kabla sijagusa hata unywele mmoja, ndipo nilipofanya kitu changu. Niliangalia sanduku la vyura nikaona ule waya umeharibu sura yote, unapita mbele ya majani kama waya wa antena, na zile namba nzuri zinazowaka zimejificha ndani hakuna anayeziona. Watu wa heshima hawa, wamekuja na simu za kupiga picha. Basi nikakitoa kipimo kutoka kwa vyura, nikakitundika ukutani, juu ya kioo, kila mtu akione.

Mnaelewa nilichofanya? Mimi sikuelewa. Ilikuwa kiangazi, hewa ya Kigali imekauka mpaka midomo inapasuka, na nje barabara inatengenezwa kwa hiyo tulikuwa tumefunga mlango na madirisha yote ili vumbi jekundu lisiingie kwenye gauni. Kipimo pale ukutani kikasoma arobaini na kidogo, mashine ikaona kuna ukame, ikaanza kazi. Na ingeendelea na kazi hadi saluni nzima, na viti vyake na watu wake, ifike themanini.

Mwanzoni ilikuwa raha. Ukungu ukajaa kwenye sanduku, ukamwagika nje kupitia matundu na pale bomba lilipokuwa halikai vizuri, ukatembea sakafuni, wasichana wakapiga picha, nami huku nikimnyoosha Sandrine nawaeleza mambo ya msitu kama mtu aliyewahi kufika. Nikamaliza. Na zilinyooka, msidhani sijui kazi, zililala mabegani zinang'aa, mama yake akaziangalia muda mrefu na macho yakamjaa machozi. Tukamwacha Sandrine akae pembeni anywe chai wakati mimi na Divine, msaidizi wangu, tunashughulika na wasimamizi.

Kioo kikaanza kufifia. Nikasema ni mvuke wa chai. Nikakifuta kwa taulo, kikafifia tena, nikasema ni draya. Jasho likanitoka, nikasema ni haraka. Halafu nikageuka kumwangalia Sandrine, nikaona kwenye paji la uso nywele zimeanza kujikunja, ndogondogo, kama zinaamka. Nikazirudia na pasi ya nywele. Nikageuka kwa mwingine, niliporudi kwake zimeamka na za nyuma. Nikarudia tena. Na hapa, jamani, ndipo ninapojichukia zaidi, kwa sababu nilimgeukia Divine mbele ya watu wote nikamwambia kwamba hakuzikausha vizuri baada ya kuziosha, kwamba nimemfundisha kazi kwa hasara, na yule dada wa watu akainamisha kichwa akaendelea kukunja taulo. Mimi, ambaye naishi kwa kujua kwamba unyevu ndio adui wa nywele zilizonyooshwa, ambaye nawakataza wateja hata kuoga maji ya moto, nimesimama ndani ya wingu namlaumu mtu kwa ajili ya taulo.

Ndipo sauti ikaanza kutoka kwenye kile kisanduku, ndogo, kama mdudu anayelia, trrr, trrr. Tangu waje kwangu vyura walikuwa hawajawahi kutoa sauti. Madamu alikuwa ameniambia kwamba wakisikia mvua imenyesha na wamefurahi, madume wanaimba. Basi siku hiyo walifurahi. Waliimba wote.

Mama Sandrine alikuwa amekaa anaangalia ukutani. Akaniuliza, "Béa, ile namba iko inapima nini?"

Nikamjibu kwamba ni unyevu wa vyura. Ilikuwa inasoma sabini na tisa.

"Vyura wako kule," akasema. "Namba iko huku na sisi."

Vyura wakaendelea kuimba. Niliruka nikachomoa waya wa umeme, nikafungua mlango na madirisha, vumbi likaingia, ukungu ukatoka hadi barabarani, na nje magari yenye maua yalikuwa yamefika tayari, mpiga video ameshashuka, wenye pikipiki pale kona wakaja kuangalia kama saluni inaungua. Sandrine akajiona kwenye kioo. Upande mmoja bado zilikuwa zimenyooka kidogo, upande wa pili zimefumuka zote, na poda usoni inateremka na machozi. Nikachukua pasi, lakini zile nywele nilikuwa nimeshazipitisha motoni mara nyingi, zilianza kutoa harufu. Nikamwambia nijaribu mara moja ya mwisho. Akanikwepa.

"Hapana tantine," akasema, kwa heshima ileile ya kuniita shangazi. "Mwache mama afanye."

Mama yake akamtoa nje kwenye baraza, penye hewa kavu, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya mtaa mzima, akaomba mafuta na chanuo la kawaida. Divine akampelekea, mimi nikasimama mlangoni na taulo mkononi kama mtu asiyejulikana amefuata nini. Akazikusanya zile nywele polepole, mikono inatetemeka, akizifunga zinateleza, anaanza upya, mstari wa katikati ukaenda kombo na akauacha hivyohivyo. Bwana harusi anapiga simu, hakuna anayepokea. Alipomaliza akamfuta mtoto uso kwa kiganja, akampeleka kwenye gari. Halafu akarudi akasimama mbele yangu, hakupandisha sauti, ningependa angepandisha.

"Béa, leo asubuhi ulikuwa unamwangalia nani?"

Macho yangu yakaenda yenyewe ukutani, kwenye kile kipimo. Akaniitikia kwa kichwa kana kwamba nimejibu, akaenda kanisani.

Mashine nilimrudishia mzee wa Kimisagara bila kudai kitu. Vyura wako nyumbani kwangu, sebuleni, wamenenepa, nawapulizia maji ya mvua kwa ile chupa ya mkono asubuhi na jioni, na kipimo kidogo cha Madamu kimekaa ndani na wao, kwenye majani, hakionekani na mtu. Divine nilimwomba msamaha mbele ya wateja, kama nilivyomtukana mbele ya wateja, akasema yameisha. Hapa mtaani wananiita Mama Vyura, na mimi naitika. Na nimeapa kwamba mtu akishaniwekea kichwa chake mikononi, sigeuki kupamba ukuta.

Mama Sandrine tunasali parokia moja. Nilikwenda kwake kuomba radhi, akanipokea, akanipa Fanta, akaniambia harusi ilikwenda vizuri nisijitese, na kila Jumapili ananikumbatia pale mlangoni na kuniuliza habari za nyumbani, ila saluni kwangu hajakanyaga tena. Halafu tunaingia, yeye anakaa mbele yangu, na Misa nzima mimi naangalia nywele zake kwa nyuma. Kuna mtu anamtengeneza vizuri sana.