Mlango wa Mahameni

Wiki iliyopita nilimkuta kijana wa upimaji ardhi akichomeka vigingi kwenye mahame ya kijiji chetu cha zamani, nje kidogo ya Buigiri, nikakumbuka mchana ule, nikiwa mtoto, bibi yangu aliponipeleka pale.

Palikuwa uwanda mtupu. Upepo ulinukia vumbi na samadi kavu, na kwa mbali zililia kengele za ng'ombe. Bibi alisimama katikati ya vichaka vya miiba, akapiga hodi. Akasubiri. Kisha akainamisha kichwa kama anayepita chini ya boriti, akaingia.

Nikakimbia kumfuata.

"We Neema, usipite hapo!" akanikemea. "Huo ni ukuta. Zungukia mlangoni."

Nilinyoosha mikono, nikapapasa hewa. Hakukuwa na kitu. Nikazunguka hivyohivyo, nikiamini kwamba wakubwa wanaona kuta ambazo sisi watoto hatuzioni, na kwamba kuna mtu alimwitikia bibi kutoka ndani.

Siku hizi najua. Watu walihamishwa kwa malori kwenda kijiji kipya, na nyumba zao za tembe, za udongo mtupu hadi paa, zikabaki hapo mpaka mvua zikaziyeyusha. Bibi alikuwa anakumbuka tu kwake. Naye alishafariki, miaka mingi sasa.

Wiki iliyopita, kijana alipokatisha na kigingi chake palepale bibi aliposema ni ukuta, maneno yalinitoka yenyewe: "Zungukia mlangoni."

Hakucheka. Alisimama, akakishusha kigingi.

"Mama, kumbe na wewe ni wa nyumba hii? Maana yule bibi aliyekuwa hapa asubuhi naye kanikemea hivyohivyo."