Walburga na Basi la Kupokea Treni

Mlio wa minyororo ndio unaotangulia. Chuma kinaburuzwa juu ya saruji, kinanyamaza, kinaburuzwa tena. Kwenye uwanja wa stesheni ya Steinbrugg haonekani mtu. Theluji inaanguka nzito mno. Kisha mwanamke anainuka nyuma ya gurudumu la basi, magoti yamelowa, anapuliza vidole.

Ni Walburga Thaler, dereva wa basi la Hinterlahn, kijiji cha mwisho katika bonde hili la Tirol. Ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Treni inayoleta wageni wa ski, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, kutoka kaskazini imechelewa, na barabara ya kupanda kijijini itafungwa wakati wowote kwa hofu ya maporomoko ya theluji.

"Wako njiani tangu alfajiri," anasema akikaza mnyororo wa mwisho kwenye tairi, lisiteleze. "Wangeweza kupanda ndege, wamechagua treni. Nikiwaacha hapa leo, mwakani watachagua nini?"

Si swali la kupitisha muda. Kwa miaka kumi na minane ameendesha njia hii kwa mshahara unaotosha kodi na kuni, na zaidi ya hapo ni bahati. Kampuni imeshasema: majira haya ya baridi yakiisha bila abiria wa treni kuongezeka, basi la Hinterlahn linafutwa. Wageni wengi hushuka uwanja wa ndege, na kuchukuliwa na magari ya kukodi hadi mlangoni mwa hoteli. Leo, kwa mara ya kwanza, klabu nzima ya ski ya Hamburg, watu ishirini na watatu, imeiacha ndege.

Gari dogo linapunguza mwendo kando ya basi. Kioo kinashuka. Ni Korbinian, mume wa dada yake, ambaye ndiye hubeba wageni wa ndege.

"Shemeji, bado unaisubiri treni yako? Wangu wametua saa sita. Saa hizi wananusa supu."

"Wangu wameitazama nchi nzima ikigeuka nyeupe. Wako wametazama mgongo wa kiti."

"Basi watasimulia hapo hapo stesheni. Vinzenz wa kizuizini anataka kufunga barabara."

Kioo kinapanda. Gari linapanda kuelekea Hinterlahn, linamezwa na theluji.

Ndani ya basi, Mama Zenzi, mjane wa Hinterlahn anayetoka kwa daktari, anagonga fimbo sakafuni, akimwita Walburga kwa kifupi cha jina lake. "Burgl, kanuni inasema kusubiri dakika kumi. Umezimaliza, na mguu wangu umeumaliza pia."

"Basi shuka uwaeleze mwenyewe wakifika."

"Niwaeleze kwa Kijerumani gani? Hicho chao cha Hamburg sikielewi." Ananung'unika, lakini anakiondoa kikapu chake kwenye kiti cha jirani na kukipakata.

Bondeni hapa hawasemi basi linaondoka stesheni. Wanasema linapokea treni, kama mtu anavyopokea mgeni.

Redio ya upepo inakoroma. Ni Vinzenz, mlinzi wa kizuizi cha barabara.

"Burgl, upepo umegeuka. Panda sasa."

"Nipe muda kidogo."

"Unao mpaka gari la doria ya maporomoko lishuke. Likishanipita nafunga, hata ungekuwa mama yangu."

"Mama yako angekuletea keki."

Redio inakoroma tena. "Si ungeileta."

Walburga hacheki. Mikono yake imeushika usukani, macho yake yako relini. Anajua kizuizi kikishuka hatabisha; amewahi kuisaidia doria kufukua gari lililofukiwa na theluji.

Ndipo reli zinapoanza kuvuma.

Milango ya treni inafunguka na watu wanakimbia, ski mabegani, wakigongana. Mbele yao ni Imke Petersen, kiongozi wa klabu, mwanamke wa miaka sitini aliyeishiwa pumzi.

"Tulidhani umeshaondoka."

"Pandeni kwanza, mtashangaa baadaye. Ski nyuma, mabegi mapajani."

Basi linapanda. Upande wa kulia mlima umekaa kimya, mweupe, kama unaosikiliza. Kwenye kona ya mwisho taa ya njano inawaka. Vinzenz amesimama, mkono kwenye mtambo. Anapunga mara moja, kwa nguvu. Basi linapita. Mita chache mbele wanapishana na gari la doria linaloshuka, na nyuma yao kizuizi kinalala.

Wanapofika Hinterlahn, Imke anashuka wa mwisho.

"Nusu ya hawa walitaka ndege," anasema polepole. "Wataniuliza: mwakani treni ikichelewa tena?"

Walburga anafuta kioo kwa kiwiko. Karipio la kampuni kwa kuzivuka dakika kumi linamsubiri, na huenda mwakani asiwe na basi.

"Waambie waje kwa treni," anasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa Korbinian aliyesimama barazani mwa hoteli. "Basi likiwepo, nitawapokea kwa basi. Lisipokuwepo, nitamnyang'anya shemeji yangu gari lake, niwapandishe hata kwa safari sita. Hamtashuka Steinbrugg mkakosa mtu. Hilo nakuahidi mimi, Walburga."